Mzee Deklara na Karata Kubwa

Mzee Deklara alikunywa chai bila sukari siku zote, isipokuwa pale alipokuwa ameshika karata kubwa. Hapo alisogeza kikombe pembeni bila kugeuka na kusema, "Binti, sukari." Wenzake wa mezani hawakuligundua jambo hilo kwa miaka. Tuliolijua tulikuwa wawili: mke wake, na mimi niliyekuwa nikimimina chai.

Nilikuwa na kantini ndogo bandarini Bujumbura, nyuma ya maghala, mabenchi manne na meza moja ya mbao za makreti. Deklara si jina la mtu. Ndivyo tulivyowaita watu wa kazi ile, wanaosimamia karatasi za mzigo mpaka utoke forodhani. Madeklara walikuwa wengi, lakini ukisema Mzee Deklara kila mtu alijua ni yule Mswahili wa mtaa wa Buyenzi, mwenye kofia nyeupe na viatu vinavyong'aa hata siku za matope. Alizaliwa wapi na babu zake ni nani, sitasema. Yeye mwenyewe hakupenda maswali hayo. Katika miaka ile ya vita maswali hayo yaliulizwa na watu wabaya kwa sababu mbaya.

Aliswali swala zote tano na alicheza poka. Imamu wa mtaani kwetu alimsema hadharani siku moja, naye akajibu kwa heshima zote kwamba kamari ni ya pesa, na yeye hajawahi kuweka hata faranga moja mezani. Hilo lilikuwa kweli, na pia lilikuwa ujanja. Walicheza kwa vizibo vya chupa za soda, lakini vizibo vile vilikuwa na thamani kuliko pesa, na mjini imamu peke yake ndiye aliyekuwa hajui hilo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Barabara za kutoka mjini zilikuwa na mashambulizi, na mtu aliyetaka kwenda Tanzania kwa usalama alitazama ziwani. Boti za mizigo za kwenda Kigoma zilikuwa chache, na hazikuruhusiwa kubeba abiria. Lakini kila deklara, pamoja na karani wa mizani, alikuwa na haki ya kupandisha mtu mmoja wa kusindikiza mzigo. Nafasi hiyo moja ndiyo watu walikuwa wakiililia. Mwanzoni wenye nafasi waligawa kama walivyotaka. Kisha maneno yakaanza: mbona umempa huyu, ni wa upande gani, na wewe uko upande gani? Mwenzetu mmoja alipigwa karibu kufa kwa sababu alimpandisha jirani yake wa upande wa pili. Tangu hapo mtu hakuthubutu kutoa nafasi yake kwa hiari nje ya watu wa kwao.

Ni Mzee Deklara aliyeleta dawa. "Karata haina kabila," alisema. Mtu akipoteza nafasi yake mezani, hajampa mtu. Amenyang'anywa na bahati, na bahati haina wa kuipiga. Kapiteni wa boti alikubali, na hata wale waliokuwa wakituchunguza nani anampandisha nani hawakuona la kusema. Kila mwenye nafasi alikaa na fungu lake la vizibo. Ukiishiwa, nafasi yako ameichukua aliyekumaliza, ampandishe amtakaye. King'ora cha bandari kikilia jioni mchezo umekwisha, maana baada ya hapo kulikuwa na kuvrefe, saa ya kutoonekana mtu nje. Aliyebakiwa na vizibo, hata kimoja, alibaki na nafasi yake.

Sasa fikiria watu wa kucheza namna hiyo. Kila mmoja ana mlango mmoja wa kutokea, na anaushika kwa mikono miwili. Walicheza kama watu wanaovuka mto usiku. Karata ya kati wanaifunika, karata nzuri wanaitazama mara tatu kisha wanaifunika. Hapo ndipo ufundi wa Mzee ulipoonekana, na ndio alionifundisha mimi wakati nakusanya vikombe.

"We unaona hawa watu? Hawachezi, wanachunga," aliniambia. "Mi nikipata karata kubwa, nikasukuma vizibo mingi, watafanya nini?"

"Watakimbia, Mzee."

"Watakimbia. Na ile karata yangu itakula nini? Hewa. Sasa mi nafanya dusema, polepole. Naweka kizibo kimoja. Nanyamaza. Mutu mwoga ukimupa njia ndogo, anaingia yeye mwenyewe. Kesho yake anaingia tena."

"Na yeye akiweka vingi?"

Alicheka kidogo, akatikisa kidole. "Apo unatoka mbio. Mutu mwoga akisimama, ujue ameegemea mulima."

Msemo huo nadhani aliutunga mwenyewe. Aliurudia kwa kila kitu, kuanzia karata mpaka ndoa.

Hata forodhani aliishi kwa kanuni ileile. Kulikuwa na afisa mmoja aliyeogopa kalamu yake mwenyewe, kila sahihi aliiona kama kitanzi. Madeklara wengine walimrundikia karatasi zote zikiwa kamili, wakashangaa kuambiwa warudi wiki ijayo. Mzee alimpa moja. Afisa akauliza ya pili, Mzee akajipapasa mifukoni, akaitoa imekunjwa. Akaulizwa ya tatu, akaomba ruhusa akaitafute nje, akaja kantini kunywa chai, karatasi iko kwenye kofia. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akasema mwoga akiona kila kitu kiko sawa, anajua kuna kitu.

Siku moja tulitembea pamoja kutoka bandarini, tukakuta bariyeri mpya imefunga njia kabla ya kufika Buyenzi, na wale walioiweka hawakuwa na sare. Walikuwa na mapanga, na mmoja wao, kijana mwembamba, hakuacha kugeuka nyuma. Mzee alikuwa na karatasi ya ruhusa yenye mhuri wa mkubwa mmoja wa jeshi, nilikuwa naijua. Nikangoja aitoe. Alitoa kitambulisho kilichochanika, akasimama jua kali akijibu maswali ya kijinga kwa sauti ya chini. Walituchelewesha mpaka nikaanza kusoma shahada moyoni. Mwisho yule mwembamba akasema tupite. Tulipofika mbali nilimgombeza: ile karatasi unamwekea nani?

"Yule mutoto alikuwa anaogopa kuliko we," akasema. "Ningemuonyesha mukubwa wake, angetuua ili mukubwa asijue."

Nilikuwa na hasira, na alikuwa na haki, na vitu hivyo viwili havikai vizuri katika moyo mmoja.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, na bahili wa maneno mazuri. Alihubiri subira na hakuweza kungoja chai ichemke. Nyumbani mke wake alimla karata kila Ijumaa, maana alishamsoma mpaka utosini, naye akishindwa alinuna mpaka Jumamosi. Na alikuwa mwoga. Nalisema wazi kwa sababu wote waliomsifu walilikosa. Aliwajua waoga vizuri kwa sababu alikuwa mmoja wao, na kanuni zake zote zilikuwa kanuni za mtu anayetaka kufika nyumbani salama.

Jambo moja la heshima lazima nilitaje. Mimi nilipita na birika nyuma ya kila mchezaji, kwa hiyo niliona karata za wote. Mwanzoni uso wangu ulikuwa dirisha. Siku moja niliona asi nne, karata kubwa kupita zote, mkononi mwa Mzee, nikaachia kijiko, na meza nzima ikafunika karata. Baadaye akaniita. Alinifundisha kutazama mdomo wa birika na kuwaza kitu kimoja tu, chai isimwagike. Kisha akaniahidi kwamba yeye hatanitazama usoni kamwe akiwa ameshika karata. "Nikikuangalia, mi ni mwizi," alisema. Alishika ahadi hiyo. Niliwahi kumuunguza mkono kwa chai ya moto, na hakuinua macho.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa mtaa wa Mutakura, na mume wa upande ambao baadaye ulikuja kufukuzwa pale mtaani. Mume akakimbilia Tanzania, akawa anangoja kambini karibu na Kigoma. Mutakura ilipowaka, mdogo wangu alikuja kwangu Buyenzi na binti yake mdogo na sufuria moja. Wiki zilipita, na watu walianza kuuliza mtaani ni mke wa nani yule. Nilimwendea Mzee Deklara. Hakuuliza mengi. Sisi Waswahili wa Buyenzi tulihesabiwa watu wa katikati, hakuna aliyemhoji sana Mzee anampandisha nani. Akasema nafasi yake ya safari ijayo ni ya mdogo wangu.

"Na mtoto?"

"Askari wanahesabu vichwa, binti. Mutoto pia ni kichwa." Akafikiri. "Ya pili nitaitafuta mezani."

Mdogo wangu hakutaka kwenda bila mtoto, wala mtoto kwenda bila yeye. Kwa hiyo siku ile Mzee alipokaa mezani, sote wawili tulijua anachotafuta, na mimi nilikuwa nimefunga kwa ajili ya nafasi hiyo tangu alfajiri.

Mezani walikuwa wanne, na aliyekuwa mwoga kupita wote alikuwa karani wa mizani. Tulimwita Bwana Mizani. Alipima magunia siku nzima, na kila kilo aliisoma mara mbili. Kwa miaka yote niliyomwona akicheza hakuwahi kuweka kitu bila kuwa na kitu. Alikuwa wa upande wa pili, upande uliokuwa ukimtafuta shemeji yangu. Na alasiri hiyo kwenye benchi la pembeni alikaa mtu mwenye koti la ngozi, ambaye hachezi wala hanywi, anatafuna njiti tu na kutazama. Kila mtu alijua kwamba ni macho ya wale waliokuwa wakituchunguza.

Mzee alicheza kama kawaida yake, kizibo kimoja kimoja. Jua likashuka kwenye bati. Fungu lake lilikua mpaka likalingana na la Bwana Mizani, lakini hakuna aliyekuwa karibu kuishiwa, na nilikuwa nikitazama mnara wa king'ora kama mgonjwa anavyotazama mlango wa daktari.

Kisha Mzee akasogeza kikombe. "Binti, sukari."

Nikamletea. Mkononi alikuwa na dam tatu, yaani malkia, na saba mbili. Kwenye meza ile, karata hiyo ilishindwa na chache sana, kama asi nne, au rwa nne, wale wafalme. Nikatazama mdomo wa birika. Mzee akasukuma kizibo kimoja. Wawili wakafunika. Nikapita nyuma ya Bwana Mizani kumjazia, na karata zake nikaziona. Hazikuwa kitu. Mbili, tano, nane, tisa na vale, takataka ya karata, hata mtoto angezitupa.

Bwana Mizani akaweka mikono miwili nyuma ya fungu lake lote, akalisukuma katikati.

Njiti ilisimama mdomoni mwa mtu wa koti. Nilielewa jambo moja tu: Mzee akiweka vizibo vyake, mdogo wangu na mwanawe wanaondoka kesho. Karata iko mkononi mwake. Nitazame, nilisema moyoni. Vunja ahadi yako ya kijinga, nitazame mara moja.

Mzee hakunitazama. Alitazama fungu lile, kisha mikono ya Bwana Mizani, na niliona akiwaza mulima wake. Alifunika karata zake taratibu.

"Mzee," Bwana Mizani akasema. "Unakimbia? Na karata uko nayo?"

"Mi nakujua. We haujuagi kudanganya."

"Leo ungejaribu kuangalia."

"Nimeangalia miaka mingi."

King'ora kikalia. Watu wakasimama, vizibo vikarudishwa kwenye kopo, na mtu wa koti akaondoka bila kuaga. Kila mmoja alikuwa na nafasi yake kama alivyokuja. Mzee akamaliza chai yake ya sukari, akaniambia kwa upole, "Tutangoja boti ingine, binti. Yule alikuwa nayo kubwa kupita yangu." Niliinama nikapangusa meza.

Bwana Mizani alinifuata kwenye beseni la vyombo.

"Dada, mi nilikuwa natafuta kumupa," alinong'ona. "Mutakura ilipoungua, mudogo wako alimuficha mama yangu chini ya kitanda, siku mbili. Mi siwezi kumupa nafasi mbele ya watu, wataniua. Nikasema nitapoteza. Kwa nini alikimbia?"

Maskini, hakujua kwamba uoga wake ulikuwa umemjengea jina, na kwa jina hilo takataka yake ilionekana kuwa rundo la asi. Angeweka vizibo viwili viwili, Mzee angemmaliza. Lakini mtu asiyezoea kutoa, siku akitoa, anatoa vyote kwa pamoja na kutisha watu. Akanishika mkono. "Usimuambie Mzee. Akijua, siku moja atasema, na mi nimekufa." Nikamwapia.

Asubuhi mdogo wangu aliamua. Alimfunga mwanawe kitenge mabegani, akampeleka bandarini, akampandisha kwa nafasi ya Mzee Deklara. Hakulia mbele yake. Bwana Mizani alipanda kwa nafasi yake mwenyewe, amekaa mbali, anatazama upande mwingine. Boti ilipokuwa imefika katikati ya ziwa ndipo alipohamia karibu na mtoto akampa mkate, na Kigoma akamshika mkono mpaka kambini kwa baba yake. Hayo mtoto mwenyewe alinisimulia alipokua.

Boti ingine haikuja. Tulingoja, na maswali mtaani yakazidi, mpaka mdogo wangu akachoka kungoja. Alipanda basi la kusini, la njia ya Rumonge. Lilishambuliwa njiani, na hakufika. Mzee Deklara ndiye aliyekuja kuniambia, amevua kofia, na ndiye aliyesimamia maziko. Wakati wanafukia nilimchukia. Nalisema pia hilo wazi. Nilimchukia kwa kanuni zake, na macho yake yasiyoinuka, na misemo yake. Kesho yake nilimpa chai kama kawaida, na nilimpa kwa miaka mingine mingi, mpaka alipoacha kazi. Sikumwambia neno.

Amani ilipokuja alihamia Kibenga kwa mwanawe, karibu na ziwa, ambako viboko wanapanda usiku kula mchicha wa watu. Nilikuwa nasikia kwamba anaumwa. Nilikawia kwenda, kisha nikaenda alasiri moja na mkate na majani ya chai. Nilimkuta barazani, amekonda, kofia imekuwa kubwa kwake. Viatu vilikuwa vinang'aa, havina safari. Mke wake aliniletea birika, akasema, "Mimina wewe, huyu anasema ya kwangu haina mukono."

Tulizungumza habari za watu. Aliuliza mtoto wa mdogo wangu, nikasema ameolewa Kigoma, ana cherehani, ana watoto. Akakizungusha kikombe mkononi.

"Siku ile, binti. Yule wa mizani. We ulipita nyuma yake."

"Nilipita, Mzee."

"Alikuwa na nini?"

Akageuza kichwa, akanitazama usoni. Miaka yote ile hakuwahi kunifanyia hivyo karata zikizungumzwa. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini yalitulia juu yangu. Nilitazama mdomo wa birika. Niliwaza kitu kimoja tu, chai isimwagike.

"Rwa nne," nikasema. "Nne zote, Mzee."

"Rwa nne."

"Ungeweka, ungepoteza hata ile ya mtoto."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. "Basi nilicheza vizuri," akasema. Kisha akasogeza kikombe pembeni, akageukia ziwa. "Binti, sukari."

Nilikwenda jikoni. Mke wake alikuwa anachagua mchele, akainua macho niliposema ninachotafuta.

"Sukari?" akasema. "Leo huyu ameshika nini?" Akanyoosha mkono rafuni, akanipa kopo. "Toka aache karata hajaiomba. Hata juzi wakati ule mugeni wake wa Kigoma alikuja, yule mutu wa mizani. Walikaa apo nje mpaka magaribi, wanaongea ile karata ya zamani, wote wawili wanalia kama watoto, na chai yake hakuigusa."

Nilisimama na kopo mkononi mpaka akaniuliza kama nimesahau kijiko. Nikarudi barazani. Mzee alikuwa bado anatazama ziwa, uso umetulia, uso uleule wa mezani. Niliweka vijiko viwili, nikakoroga, nikampa kikombe bila kumtazama.